MOTO HAUULIZI KABILA WALA NAMBA YA KAZI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa matawi ya mashamba ya chai, Kericho na Bomet)



Tumeombwa kusema machache juu ya moto wa misitu na nyika, na juu ya msaada wanaopewa watu walioharibikiwa. Hapana shaka yuko mwenzetu aliyeketi nyuma pale anayejiuliza, "Chama kina shauri gani na moto? Chama ni cha mshahara, nyumba na saa za kazi." Ni swali zuri, nasi tutalijibu kabla ya kuketi. Kwa sasa twamwomba akumbuke jambo moja tu. Nyumba tunazolala si zetu. Zimejengwa safu kwa safu, ukuta mmoja kwa jamaa mbili. Nyuma yake kuna chai, na nyuma ya chai kuna miti ya kuni. Basi moto ukitoka msituni, wa kwanza kubishiwa hodi ni sisi.

KIANGAZI CHA MWAKA 2009

Wengi wenu mwakikumbuka kiangazi cha mwanzo wa mwaka 2009. Mvua zilizotangulia zilikuwa haba, na mwezi wa Januari Serikali ya Rais Kibaki ilitangaza kuwa njaa ni msiba wa taifa zima. Sisi wa chai tuliona hesabu yake katika mizani. Mwaka 2008 Kenya ilitoa chai kama kilo milioni 345. Mwaka 2009 ikashuka hadi kama kilo milioni 314. Mchumaji anayelipwa kwa kilo hahitaji karani wa kumweleza maana ya tofauti hiyo. Aliiona sufuriani.

Katika kiangazi kile kile, kwa muda usiozidi miezi miwili, moto uliwaka mara nne, na kila moto una somo lake kwetu.

Wa kwanza uliwaka Nairobi tarehe 28 Januari, katika duka kubwa la Nakumatt lililokuwa katikati ya mji. Watu zaidi ya 20 walikufa mle ndani, wafanyakazi na wanunuzi pamoja.

Wa pili uliwaka siku tatu baadaye, Jumamosi tarehe 31 Januari, mahali panapoitwa Sachangwan. Hapo ni jirani zetu. Mtu atokaye Kericho kwenda Nakuru hutokea Mau Summit, akashuka kuelekea Salgaa, na njiani hupita Sachangwan. Lori la petroli lilipinduka. Watu wakatoka manyumbani na mashambani wakiwa na mitungi na ndoo, na wapita njia wakasimama kutazama. Moto ulipolipuka watu zaidi ya 100 walikufa, na wengine wengi wakachomeka.

Wa tatu haukuwa wetu, lakini tutaona kwamba unatuhusu. Jumamosi iliyofuata, tarehe 7 Februari, moto wa nyika ulilivamia jimbo la Victoria katika nchi ya Australia. Siku ile joto la mji wa Melbourne lilipita digrii 46, na upepo ulikuwa mkali mno. Watu 173 walikufa. Nyumba zaidi ya 2,000 ziliteketea, na miji midogo kama Marysville na Kinglake ikawa majivu.

Wa nne uliwaka mwezi wa Machi, huku kwetu. Misitu ya Mau iliwaka moto, na Mlima Longonot pia. Ikumbukwe kuwa mwezi huo huo Jopo la Serikali lilieleza kwamba katika miaka kama ishirini msitu wa Mau ulikuwa umepoteza hekta zaidi ya 107,000, yaani robo yake. Kwa hiyo moto ule haukukuta msitu mnene wenye unyevu kama ule walioujua babu zetu. Ulikuta msitu uliokatwa-katwa, wenye nyasi kavu, visiki, na tanuri za makaa.

Nasi twajua maana ya Mau. Mto Sondu na mito inayoulisha, Itare na Kiptiget, yatoka huko. Mto Mara watoka huko. Unyevu na ukungu wa asubuhi ambao hulikuza jani la chai huletwa na msitu ule. Mau ukiteketea, kazi yetu imeteketea pamoja nao, hata kama hakuna cheche moja iliyoangukia bati la nyumba zetu.

SOMO LA SACHANGWAN

Ndugu, baada ya msiba wa Sachangwan walikuwapo watu wengi wa kulaumu. Walisema, "Ni tamaa." Sisi hatutasema hivyo. Ulikuwa mwezi ambao Serikali yenyewe imekwisha tangaza njaa. Mtu aliyekosa unga akiona mali inamwagika barabarani huenda asikumbuke hatari. Lakini yatupasa kusema kweli pia, kwa kuwa mwenye kupenda ndugu yake humwambia kweli. Petroli iliyomwagika haina mwenyewe ila kifo. Mvuke wake hauonekani, hutambaa chini kama maji, na cheche moja ya sigara, ya pikipiki au ya jiko la mbali yatosha kuuwasha.

Jambo hili halikuisha Sachangwan. Tarehe 10 Agosti 2019 lilitokea Msamvu, mjini Morogoro, katika Tanzania, na watu zaidi ya 100 wakafa. Mwezi wa Julai 2021 lilitokea Malanga, katika Kaunti ya Siaya. Kila mara ni lori lililopinduka, na kila mara ni mitungi. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Basi mwambieni kila mtu nyumbani: lori la mafuta likianguka, kimbia kwa kuuelekea upepo utokako, uwaite watoto, wala usirudi.

Somo la pili la Sachangwan ni zito zaidi, na ndilo lililotufanya tuombe nafasi ya kusema leo. Wengi wa waliokufa hawakuweza kutambuliwa kwa sura. Jamaa zao walizunguka hospitalini na katika vyumba vya maiti, wakitafuta mtu ambaye hapana daftari lililoonyesha kwamba alikuwa pale. Mwishoni wale wasiotambuliwa walizikwa katika kaburi la pamoja. Mtu aliyezaliwa akapewa jina, akaitwa kwa jina hilo maisha yake yote, alizikwa bila jina.

Tutalirudia neno hili la majina.

MTI WA AUSTRALIA KATIKA MASHAMBA YETU

Mwaweza kuuliza, Australia na Bomet zina uhusiano gani? Tazameni nje ya dirisha hili. Miti ile mirefu yenye maganda yanayobambuka ni mikaratusi, ambayo wengi wetu twaiita blugamu. Asili yake ni Australia. Ililetwa katika nchi hii tangu mwaka 1902, ili kuwapo kuni za gari la moshi. Leo viwanda vyetu vya chai huitumia katika boila, kwa maana chai haikauki bila moto, na chai nyingi inayokwenda Mombasa imekaushwa kwa kuni.

Mti huu ni mzuri kwa kuni kwa sababu zile zile zinazoufanya uwe hatari wakati wa kiangazi. Majani yake yana mafuta. Maganda yake makavu huning'inia kama matambara, yakishika moto hupeperushwa na upepo na kuanguka mbele sana, yakawasha moto mpya mahali ambapo watu walidhani wamesalimika. Ndivyo ilivyokuwa Victoria. Watu waliutazama moto uliokuwa mbali, na ghafula wakauona mwingine nyuma yao.

Na sisi tuna kuni nyingine. Chai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne, na matawi yaliyokatwa huachwa chini yaoze na kuilinda ardhi. Ni desturi nzuri ya kilimo. Lakini kipande kilichopogolewa, kikikaa wiki kadhaa bila mvua, ni mkeka wa vijiti vikavu. Chai mbichi haiwaki upesi. Matawi yaliyopogolewa huwaka.

Baada ya msiba ule Serikali ya Victoria iliunda Tume ya uchunguzi, nayo ikatoa taarifa yake ya mwisho mwezi wa Julai 2010. Tume haikutosheka na kusema "ni mapenzi ya Mungu" wala "ni kiangazi." Ilitafuta sababu moja moja. Iligundua kwamba moto mkubwa kuliko yote, ulioanzia Kilmore East na kuua watu 119, ulitokana na waya wa umeme. Iligundua pia kuwa watu 113 katika wale 173 walifia ndani ya nyumba. Walidhani nyumba itawakinga. Maonyo yalichelewa, na wengi hawakujua waende wapi.

Tumwone mtu wa Australia kuwa tajiri au vinginevyo, habari hii yatufaa. Ikiwa nchi yenye ndege, redio na magari ya kuzimia moto ilipoteza watu wengi hivyo kwa sababu onyo lilichelewa na njia ya kutokea haikujulikana, je, sisi wa kambini tufanyeje? Lakini angalieni pia jambo jema. Wengi wa waliosimama mbele ya moto ule walikuwa wazima moto wa kujitolea: wakulima, mafundi na wenye maduka, watu wa vijiji vile vile, waliofundishwa na kupewa vyombo kabla ya siku ya hatari. Na baada ya moto wananchi walichanga fedha nyingi mno, zaidi ya dola milioni 370 za Australia, zikawekwa katika mfuko mmoja wenye wasimamizi wanaojulikana.

WANAOFIKA KWANZA

Mfano mwingine uko karibu. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka katika Mlima Kilimanjaro, mahali paitwapo Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Wakuu wa hifadhi walisema kuwa kwa habari za mwanzo huenda ulianza wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Wapagazi ni wafanyakazi kama sisi. Moto mdogo wa chakula, katika majani makavu na upepo, ulichoma kilomita za mraba zipatazo 95.

Ni nani waliouzima? Askari wa hifadhi, ndiyo, lakini pamoja nao mamia ya watu wa kujitolea kutoka vijiji vya chini ya mlima, na wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka. Walipanda kwa miguu. Walipiga moto kwa matawi mabichi, wakakata njia za kuzuia moto kwa mapanga na majembe, na wenzao wakawapandishia maji na chakula.

Hivyo ndivyo ilivyo kila mahali. Gari la kuzimia moto latoka mjini. Helikopta, ikija, huja siku ya pili. Anayefika katika dakika ya kwanza ni jirani. Mababu wa Kipsigis waliujua ujirani huu wakauita kokwet: watu wa mlima mmoja wenye shauri moja na kazi moja. Nasi wengine tuliotoka Kisii, Nyanza na Magharibi tuna majina yetu kwa jambo lilo hilo. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, walisema wahenga wakisifu umoja. Moto huo wa umoja ndio unaouzima moto wa nyika.

KOSA LETU WENYEWE

Sasa, ndugu, si haki tuwahubirie nyinyi bila kukiri kosa letu.

Katika kambi moja, ambayo hatutaitaja, moto wa majani ulivuka barabara mchana wa kiangazi, watu wakiwa kazini. Ulishika banda la kuni, kisha safu moja ya nyumba. Hakufa mtu, twamshukuru Mungu. Waliokuwa nyumbani, yaani akina mama wawili wenye watoto wachanga na mzee mmoja aliyekuja kumtembelea mwanawe, waliwatoa watoto wote na kuwaketisha katika kiwanja cha mpira.

Jioni blanketi na unga vilikuja. Karani akasimama na orodha ya mshahara, akaita kwa namba za kazi. Aliyeitwa alipokea. Palikuwa na mama mmoja, mchumaji wa msimu, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha wiki iliyotangulia, naye alikuwa akilala kwa dada yake akingojea nauli. Nguo zake zote na fedha zake zilikuwa zimeungua. Namba yake ilikuwa imefutwa. Aliketi pale hadi orodha ikaisha, na hapana aliyemwita. Mama huyo ndiye aliyeingia katika moshi mara tatu kuwatoa watoto wa watu wengine.

Mtasema, "Kosa ni la karani." Ngojeni. Tawi letu nalo lilichanga. Kila mtu alitoa alichoweza, na wengine walitoa mshahara wa siku nzima. Fedha ziliwekwa katika bahasha, bahasha ikawekwa katika mfuko wa mtu mmoja mwaminifu. Zikatoka za nauli, zikatoka za dawa, zikatoka za sufuria. Baada ya mwezi mama mmoja aliuliza katika mkutano, "Zilikuwa ngapi, na zimebaki ngapi?" Hakuna aliyeweza kujibu. Hatusemi kwamba ziliibwa. Twasema kwamba hatukuweza kuonyesha kuwa hazikuibwa, na kwa chama hayo ni mamoja. Mara ya pili tulipopitisha kofia, kofia ilirudi nyepesi.

Hilo ndilo tulilojifunza. Huruma hatukuikosa. Tulikosa daftari.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo sita, myajadili katika matawi yenu kabla ya mwezi wa Desemba, maana kiangazi chetu huanza wakati huo.

1. Daftari la majina. Kila safu ya nyumba ichague mtu mmoja, mwanamke au mwanamume, wa kuandika watu wanaolala pale: mwenye namba na asiye na namba, wa kudumu na wa msimu, mtoto, mgeni na mzee. Lisahihishwe kila mwezi. Lisiulize kabila. Mwanzo wa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, nyumba nyingi katika Bonde la Ufa zilichomwa kwa mikono ya watu, na twajua orodha ya kabila inaweza kutumiwa kwa kazi gani. Daftari letu ni la kuwahesabu watu ili wapone. Liwekwe na kamati, wala lisibandikwe ukutani.

2. Mahali pa kukusanyikia. Kila kambi ichague kiwanja kilicho wazi, kama uwanja wa mpira, na njia mbili za kukifikia. Watoto wafundishwe kwamba wakisikia kengele au reli ikigongwa waende huko moja kwa moja, wala wasitafute mama nyumbani. Hapo ndipo majina yatasomwa.

3. Kusafisha mapema. Nyasi na maganda ya blugamu yafagiliwe kutoka kwenye kuta na mabanda. Kuni zisirundikwe chini ya dirisha. Njia ya kuzuia moto iliyo kati ya miti na nyumba ilimwe kabla ya kiangazi. Mwenzetu anayerina asali azime moshi wake kwa maji. Anayechoma shamba lake achague asubuhi isiyo na upepo, awaambie majirani, asiondoke hadi jivu liwe baridi.

4. Namna ya kupigana na moto. Mtu asiende peke yake. Moto hupigwa kutoka pembeni na kutoka upande uliokwisha ungua, si kwa kuusimamia mbele. Usikae mlimani juu ya moto, kwa kuwa hupanda mteremko upesi kuliko mtu anavyoweza kukimbia. Vaa nguo za pamba, si za nailoni, ambazo huyeyuka mwilini. Kabla ya kwenda mhesabiwe, na mkirudi mhesabiwe tena.

5. Aliyeungua. Mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka muda wa dakika 20, mfunikeni kwa kitambaa safi, mpelekeni hospitali. Msimpake dawa ya meno, wala mafuta, wala unga. Twajua ni desturi ya wengi wetu, lakini desturi hiyo huongeza kidonda.

6. Mfuko wa msaada. Fedha zipokewe na watu watatu, zitolewe kwa sahihi zao tatu. Kila mtoaji apewe stakabadhi, hata kama ametoa shilingi kumi. Hesabu isomwe mbele ya mkutano kila mwezi mpaka senti ya mwisho itoke. Na kabla ya kukusanya nguo na vyakula, waulizwe walioharibikiwa wenyewe wanahitaji nini. Mara nyingi haja ya kwanza ni sufuria, daftari za shule, dawa za kila siku za mgonjwa, na nauli ya kwenda kutafuta nakala ya kitambulisho kilichoungua.

KWA NINI HILI NI SHAURI LA CHAMA

Sasa twamgeukia mwenzetu aliyeuliza moyoni mwake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Je, katika shamba lako kamati hiyo ipo? Ilikutana lini? Mjumbe wenu ni nani? Ikiwa hujui, basi kazi yako ya kesho asubuhi ni kuuliza. Mambo ya njia ya moto, mitungi ya kuzimia, kengele na maji yanaweza kuletwa hapo kwa haki, wala si kwa kuomba.

Sheria hiyo hiyo yasema kuwa mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amweleze msimamizi wake, na mwajiri asimlazimishe kurudi pale hadi hatari imeondolewa. Ni vema kila nyapara alijue jambo hili, na kila mchumaji pia.

Lakini kuna jambo ambalo halijakaa sawasawa, na hapo ndipo pana haja ya nguvu ya chama. Moto ukizuka, wachumaji huitwa kutoka katika chai waende kuuzima. Huenda kwa moyo, kwa maana ni nyumba zao na ni kazi yao. Jioni, mizani haikupima kitu. Yule anayelipwa kwa kilo amefanya kazi iliyo ngumu kuliko zote na yenye hatari kuliko zote, naye amerudi bila kilo. Na je, akiumia? Mtu aweza kusema kwamba alikuwa akijitolea, hakuwa kazini.

Basi twapendekeza kwamba matawi yakubaliane kuleta maneno haya katika mapatano ya pamoja na waajiri: siku ya kuzima moto ihesabiwe kuwa siku ya kazi yenye malipo kamili, anayeumia akizima moto ahesabiwe kuwa ameumia kazini, vyombo na nguo za kazi hiyo zitolewe na mwajiri, na wafanyakazi wa msimu wahesabiwe sawa na wa kudumu katika kila msaada wa msiba. Hatuombi sadaka. Mwenye shamba mwenyewe hupata faida mchumaji anapolinda miti yake.

Na kwa upande wa Mau, sheria za misitu za nchi hii, tangu ile ya mwaka 2005 hata ya mwaka 2016, zimeruhusu wananchi wanaopakana na msitu kuunda vyama vya jamii vya kuutunza. Jamaa zetu wengi wanaishi pembezoni mwa msitu. Wajiunge. Jicho la jirani huuona moshi kabla ya jicho la ofisi.

MWISHO

Ndugu zetu, hatuwezi kuahidi kwamba moto hautakuja. Kiangazi kitakuja, mikaratusi itabambuka, na mahali fulani mtu atatupa kipande cha sigara. Tunachoweza kuahidi ni kwamba siku hiyo hatutakuwa watu wageni, kila mmoja akikimbilia upande wake, na jioni hapatakuwa na mama anayeketi kando akingoja jina lake lisiloandikwa.

Mkirudi makambini leo, msingoje barua kutoka ofisini. Nunueni daftari moja la shule. Andikeni majina ya safu ya kwanza usiku huu, mkianza na nyumba ya mwisho, ile ambayo kwa kawaida husahauliwa. Mjumbe wa kila tawi aje katika mkutano ujao na daftari hilo mkononi, nasi tutaliomba tulione.

Umoja wetu na udumu.